Gia Boksi ya Daktari wa Meno

Arvid Kemppainen hakujua kukaa. Mkewe Helmi alimwekea kahawa mezani kila asubuhi, naye akainywa amesimama, mkono mmoja umeshashika kofia. Watu wa Kallio, kijiji chetu, walimtania kwamba siku yake ya kuzikwa itabidi jeneza likazwe kwa bolti. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa thelathini na mmoja kati ya hiyo gereji yake, kando ya barabara ya ziwani, ndiyo iliyoyaweka barabarani magari ya watu wasioweza kununua mapya. Upande huu wa kaskazini ya Michigan watu hao ndio wengi.

Jambo moja hakulifanya: hakuandika uongo. Breki zikiwa bado nzuri aliandika kwenye risiti kwamba ni nzuri, akamrudisha mteja nyumbani na hela zake. Wapo mafundi wanaomwita mtu wa namna hiyo mjinga, nami nimewasikia kwa masikio yangu. Kiangazi cha mwaka 2009 kilimpima hapo hapo.

Kwetu theluji huanza Novemba, na chumvi inayomwagwa barabarani hula chuma kama mchwa alavyo mbao. Kwa hiyo mwenye njia nyingine ya kufika kazini hulilaza gari lake ghalani hadi Aprili. Huondoa betri, na husimamisha bima, maana bima ya gari lisilotembea ni hela iliyotupwa. Baba zetu walifanya hivyo, na tuliwalea watoto wetu tukiwafundisha kwamba huo ndio uangalifu.

Darla Beauchaine alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee kwenye mji wa kaunti, maili thelathini na nane kutoka Kallio. Mama yake alimwachia vani ya mwaka 1994, kubwa kama banda la kuku. Novemba ya 2008 aliipeleka kwa Arvid iangaliwe kabla ya kulazwa, kwa sababu majira yote ya baridi angepanda gari la mwenzake wa kazini, Noreen.

"Bima niisimamishe au niendelee kulipa, mzee Arvid?"

"Ulipe nini? Gari limelala, wewe unataka kulilipia na kitanda?"

Darla alicheka, akaisimamisha.

Mwishoni mwa Julai serikali ikaanza mpango wake. Leta gari kuukuu linalokunywa mafuta mengi, upunguziwe hadi dola elfu nne na mia tano kwenye bei ya gari jipya. Hilo kuukuu litauawa ili lisirudi barabarani. Mafuta yangeokolewa, viwanda vingeamka, hewa ingesafishwa. Lakini kulikuwa na sharti: gari liwe limekatiwa bima mwaka mzima bila kukatika, kwa jina la mwenyewe. Sheria hiyo iliandikwa na watu ambao magari yao hayalali. Katika kata yetu waliofukuzwa mlangoni walikuwa wale wale waangalifu, waliobana senti zao Novemba. Waliokaribishwa ni wale wenye magari matatu, waliosahau hata kwamba la tatu lina bima.

Stuart Penhale, mwuza magari wa mji wa kaunti, alimrudisha Darla siku ya kwanza. Penhale hakuwa mtu mbaya. Mwaka mzima alikuwa akiamka asiuze hata gari moja, na mwezi Mei alikuwa amewaandikia wafanyakazi wake barua za kuwaaga. Sasa watu walipanga foleni hadi nje. Mtu aliyekaribia kufa kwa kiu huona maji yote ni mazuri, na nadhani ndiyo sababu alimnong'oneza Darla njia nyingine.

Darla alikuja nayo gereji asubuhi iliyofuata. Arvid alikuwa akifagia sakafu ambayo tayari ilikuwa safi, kwa sababu hapakuwa na gari ndani. Wateja wake walikuwa kwa Penhale, wakiyauza magari aliyoyatibu miaka ishirini.

"Penhale anasema inawezekana," Darla alisema. "Binamu yangu yuko ofisi ya bima. Ataandika barua kwamba bima haikukatika, kompyuta ndiyo iliyokosea. Anachotaka ni karatasi moja ya kuonyesha gari lilikuwa barabarani. Risiti ya kubadilisha oili. Ya Januari."

"Januari sikubadilisha oili ya gari lako."

"Najua, mzee. Ungekuwa umebadilisha nisingekuomba."

Arvid aliendelea kufagia.

"Nani aliniambia niisimamishe bima?" Darla aliuliza.

"Mimi."

"Haya basi."

"Nilikupotosha, na sitalikana hilo. Ila kosa langu siliwezi kulifuta kwa karatasi ya uongo."

"Ni oili tu, mzee. Nani ataipigia oili simu kuiuliza?"

"Wewe na mimi tutajua."

"Mimi nishasahau. Kumbuka wewe kwa niaba yetu sote." Darla akasimama mbele ya ufagio. "Sikiliza. Kazini wameniandikia barua mbili za kuchelewa. Ya tatu natoka. Noreen anahamia Wisconsin, Jumapili ya wiki ijayo anaondoka. Na hili dude langu likipanda kilima linaacha gia lenyewe, linanguruma tu kama ng'ombe aliyekwama. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Niende kwa kutambaa?"

"Nitakupeleka mimi, kila siku."

"Nikipanda gari lako nitakutukana maili thelathini na nane. Kwenda na kurudi."

Akaondoka. Wengi walisema Arvid alikuwa mgumu bure, kwamba risiti moja isingemwumiza mtu yeyote, na kwamba serikali yenyewe ilikuwa ikizigawa hizo fedha kama karanga. Mimi sikubali. Uongo mdogo unaoandikwa kwa huruma hufungua daftari, na daftari hilo halifungwi tena. Lakini sikubali pia kwamba aliyekataa uongo amemaliza wajibu wake. Arvid hakukubali hivyo naye. Tangu siku hiyo Helmi alimsikia akitembea jikoni, kutoka dirishani hadi mlangoni, kabla jogoo hajawika.

Wiki hiyo hiyo Penhale alimwita kazini. Magari ya kuuawa yalikuwa yamejaa uwanja wa nyuma, na mafundi wake wawili hawakuyaweza. Arvid alienda, maana gereji ilikuwa tupu na yeye hakuweza kuitazama.

Kuua injini si kazi ngumu. Unamwaga oili yote. Unatia mahali pake maji ya kioo, dawa nzito inayong'aa kama asali nyeupe. Unawasha, unakanyaga mafuta. Dawa inachemka, maji yanatoka, kinachobaki ndani kinakuwa kioo kinachosaga kila kitu. Injini nyingi hufa ndani ya dakika tatu. Hupiga kelele kwanza. Arvid aliyaua magari aliyoyajua kwa majina ya wenyewe, pikapu ya mzee aliyekuwa akileta samaki badala ya malipo, gari la mwalimu wa kwaya. Kila alipomaliza moja alitembea hadi kwenye uzio na kurudi.

Jumatano ya wiki iliyofuata ililetwa vani ya daktari wa meno. Ilikuwa ndugu wa ile ya Darla, aina ile ile, ya mwaka 1996, rangi ya bluu. Daktari aliitumia kuvuta mashua yake hadi ziwani mara nne au tano kila kiangazi, na siku zilizobaki ilikaa katika banda lenye joto, bima yake ikilipwa. Arvid alifungua boneti akaikagua injini yote. Kisha akamfuata Penhale ofisini.

"Stuart, hili si gari la kuua."

"Yote si ya kuua, bwana. Wewe ua tu."

"Injini hii ina miaka kumi mingine ndani yake. Kuna msichana Kallio anaitaka kesho asubuhi. Mwuzie."

"Nikimwuzia nimekula hela ya serikali na gari nimelila. Utakuja kunitazama jela? Utaniletea pasti, ile sambusa yetu kubwa?"

"Nitakuletea."

"Ya nyama ya ng'ombe?"

"Stuart."

"Arvid, sikia." Penhale alivua miwani. "Nina watu kumi na wanane humu. Mwezi Mei niliwaaga wote. Usinilaumu kwa kuwa mara moja mvua imenyesha upande wangu."

Arvid alirudi uwanjani, akamwaga oili. Ilitoka safi, rangi ya chai. Vani ya daktari ilikataa kufa kwa dakika saba. Fundi mmoja kijana alitaka kucheka, akamwona Arvid, akaacha.

Baadaye ilibidi atie sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba injini imeharibiwa. Wengine walitia sahihi wakiwa wanatembea. Arvid hakuwahi kuweka jina lake chini ya maneno asiyoyajua, kwa hiyo siku zote alisoma fomu, na siku hiyo, kwa kuwa hakutaka kurudi uwanjani, alisoma hata masharti yaliyobandikwa ukutani, kurasa kumi na mbili za herufi ndogo.

"Hapa wanasema gia boksi si lazima ipondwe," alisema. "Ikifunguliwa na kuuzwa peke yake, inaruhusiwa."

"Hayo ni ya watu wa yadi za vyuma chakavu," Penhale alijibu. "Mimi siruhusiwi kutoa hata taa. Gari litoke hapa lilivyo. Kamwulize Clovis Racine, lori lake linakuja kesho."

"Gia boksi ya tisini na sita inaingia kwenye vani ya tisini na nne."

"Ikiingia, iingie. Tia sahihi, bwana, kuna mengine sita."

Alitia sahihi. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake ya mwisho pale, maana jioni alivua ovaroli ya Penhale, akaikunja, akaiweka juu ya dawati, hakurudi tena.

Ijumaa gia boksi ya Darla ilikufa kabisa kwenye kilima cha kanisa. Jirani aliivuta vani kwa trekta hadi gereji ya Arvid, kwa sababu hapakuwa na gereji nyingine. Darla hakuja nayo. Noreen alimpeleka kazini siku hiyo na Jumamosi, naye Jumapili angepakia vitu vyake na kwenda. Zamu ya Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, ilikuwa mikononi mwa Darla peke yake, na barua ya tatu ilikuwa imeshapigwa chapa ikisubiri tarehe tu.

Jumamosi Arvid aliondoka kabla ya jua. Yadi ya vyuma chakavu ya Clovis Racine iko zaidi ya maili hamsini kusini, kwenye msitu. Alikuta magari ya mpango ule yamepangwa mistari na mistari, mia mbili au zaidi, kila moja limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kioo cha mbele. Na alikuta jambo ambalo hakulitarajia. Mashine ya kuponda magari, ile ya kukodi inayozunguka yadi kwa yadi, ilikuwa imefika siku mbili mapema na ilikuwa inafanya kazi. Vani ya bluu ilikuwa ya sita kwenye foleni.

"Nataka gia boksi ya ile pale," Arvid alimwambia Clovis, mzee mfupi mwenye kaptura na mabuti.

"Umechelewa, rafiki. Mashine hii naikodi kwa siku. Haisimami kwa ajili ya gia boksi."

"Sheria inakuruhusu kuiuza."

"Sheria inaniruhusu mengi. Inaniruhusu kuwa na furaha pia. Unajua serikali imenipa nini hapa? Magari yasiyo na injini, na injini ndiyo ilikuwa faida yangu. Kila mtu anadhani Clovis kaneemeka. Clovis kapewa mizoga."

Arvid alikuwa ameshasikia alilotaka kusikia, kwamba si sheria iliyomzuia. Alichukua sanduku lake la spana, akaenda kwenye foleni, akaipandisha vani ya bluu kwa jeki yake, akaikaza kwa magogo, akajilaza chini yake. Mwendeshaji wa mashine alizima injini, akateremka.

"Clovis, kuna mtu chini ya gari lako."

"Namwona."

"Nifanye nini?"

Clovis aliinama. "Wewe Mfini. Una akili?"

"Nipe muda wa saa tano," sauti ilitoka chini.

"Ruka hilo," Clovis alimwambia mwendeshaji. "Chukua la saba. Lakini usimsogelee, mkewe asije akanidai." Kisha, baada ya kusimama pale kidogo akitazama miguu ya Arvid, akaenda kuleta winchi.

Ilichukua hadi jioni. Gia boksi ilifika Kallio jua likizama, imefungwa minyororo nyuma ya pikapu kama fahali wa maonyesho. Sauna ya Jumamosi, bafu ya mvuke ambayo Wafini hawaikosi, ilikuwa imeshapoa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku nzima, na siku pekee iliyobaki ilikuwa Jumapili.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Sisi wa kanisa letu hatufanyi kazi Jumapili. Hatukati nyasi, hatushoni kifungo. Wapo waliowahi kuacha majani makavu ya ng'ombe yalowe mvua shambani, wakanunua mengine. Mtu akionekana na chombo cha kazi mkononi, baraza la kanisa humwita. Mimi ni katibu wa baraza hilo kwa mwaka wa kumi na nne, nami sijawahi kuona aibu kwa sheria hiyo. Siku isiyolindwa huliwa.

Helmi alimwambia mumewe usiku ule, "Ukiufungua mlango ule kesho, usinitume nikuombee udhuru."

"Sitakutuma," alisema.

Tulipotoka ibadani niliona mlango wa gereji uko wazi. Kila mtu aliuona. Nilikatiza barabara nikiwa na koti langu la Jumapili, na hasira yangu nilikuwa nimeshaitia maneno.

Arvid alikuwa chini ya vani ya Darla, ile gia boksi ikiwa juu ya jeki ya zamani. Jeki ilikuwa inavuja. Kila alipoipandisha hadi mahali pake na kuchukua bolti, ilishuka kidole kimoja, na ilibidi aanze upya. Nilitazama akifanya hivyo mara tatu.

"Arvid, unajua leo ni siku gani."

"Najua."

"Kanisa zima limeona."

"Wangeona tu. Mlango ni mkubwa."

"Msichana mwenyewe amekuomba?"

"Hajanisemesha tangu ile siku ya risiti."

"Basi nani amekulazimisha?"

Alipandisha jeki tena, nayo ikashuka tena.

"Mimi ndiye niliyemwambia asimamishe bima," alisema. "Nilipokataa kuandika ile risiti nilikuwa sahihi. Ningekataa tena leo. Lakini baada ya kukataa nililala vizuri usiku mmoja, katibu. Mmoja tu. Nikaona nimelala kwa gharama ya mtu mwingine."

Nilikuwa na aya za kumsomea. Bahati mbaya aya ya kwanza iliyonijia ilikuwa ile ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani akatolewa siku ile ile ya Sabato, na haikuwa upande wangu. Nilivua koti nikalitundika mlangoni. Nililala kwenye saruji, nikaweka mabega chini ya chuma kile, nikasukuma. Sijawahi kubeba kitu kizito vile, na nikiwa nimekibeba nilitukana neno moja ambalo sitaliandika. Arvid alitia bolti ya kwanza, kisha ya pili, na uzito ukaniondoka.

Tulimaliza kama saa kumi jioni. Darla alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Helmi ndiye aliyekuwa amempigia simu.

"Nani kafa?" Darla alisema alipotuona tulivyo.

"Jaribu," Arvid alimwambia, akimpa ufunguo.

Alienda hadi kilima cha kanisa na kurudi. Tulisikia gari likipanda, gia zikibadilika moja baada ya nyingine bila kusita. Alirudi akashusha kioo, hakuzima injini.

"Imekubali zote."

"Kwa wiki mbili usiendeshe kwa pupa."

"Imetoka wapi?"

"Kwa daktari wa meno."

Darla aliushika usukani kwa mikono miwili. "Bado nina hasira na wewe, mzee Arvid."

"Endelea nayo. Ila kesho toka mapema, kulungu wanavuka sana pale darajani."

Jumatatu alifika kazini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tano, na barua ya tatu haikutumwa. Penhale hakuuza kitu Septemba yote, maana waliotaka kununua walikuwa wameshanunua Agosti. Ghala la kanisa, ambalo kila mwaka lilipata gari kuukuu moja au mawili ya kuwapa waliofiwa au waliougua, halikupata hata moja, na yale ya bei rahisi yaliyobaki kaunti nzima yalipanda bei. Gereji ya Arvid ilifunguliwa siku tatu kwa wiki, baadaye mbili.

Baraza lilikaa Jumanne. Nilisoma majina mawili ya waliofanya kazi Jumapili, la pili likiwa langu. Mchungaji alimwuliza Arvid kama anatubu.

"Natubu ushauri niliompa Novemba," Arvid alisema. "Jumapili siitubu."

Wazee wawili walitaka sote wawili tuzuiwe kushiriki meza ya Bwana kwa mwezi mmoja, nao wakashinda kwa kura moja. Mimi sikuruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa nilikuwa mshtakiwa. Niliyaandika maneno ya Arvid kama alivyoyasema, nikaandika na adhabu yetu sote wawili, kisha tukaendelea na suala la paa la kanisa.